"No module named 'cv2'": OpenCV imeingia, mbona haionekani?

Kila msimu wa miradi ya mwisho wa mwaka, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa kompyuta hupokea picha ileile ya skrini: maandishi mekundu yamejaa, na chini yake mtu ameandika "wakuu, OpenCV imegoma, msaada". Majibu hayachelewi. Mmoja anasema futa Python uanze upya, mwingine shusha toleo, wa tatu weka Anaconda, wa nne zima antivairasi. Mwenye shida anazijaribu zote kwa mpigo. Hadi usiku kompyuta ina Python tatu, nakala nne za OpenCV zinazogombana, na bando limekata.

OpenCV ni maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa kazi ambazo wengine wameshaziandika ili wewe uziite tu: kusoma picha, kugeuza rangi, kutafuta uso, kufuatilia gari kwenye video. Ilianzia kampuni ya Intel mwaka 1999 chini ya Gary Bradski, toleo la 1.0 likatoka 2006, na mfululizo wa 4 ulianza Novemba 2018. Jambo moja la kushika mapema: kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C++. Python, lugha unayoandikia wewe, ni mlango wa kuingilia tu, na nyuma ya mlango huo kuna mashine nzito inayotegemea prosesa, mfumo endeshi na toleo la Python ulilonalo.

Pip ndiye tarishi. Ukimpa jina, anakwenda kwenye PyPI, hazina ya mtandaoni ya maktaba za Python, anachukua pakiti na kuileta kwako. (Nasema pakiti kwa makusudi, "kifurushi" tumeshawaachia watu wa simu.)

Sasa fikiria umeagiza kitanda Keko kiletwe Mbeya. Unaweza kukosea jina la kitanda ukaambiwa hakipo. Kinaweza kukosekana kilichokwisha undwa, ukaletewa mbao na misumari. Kinaweza kufika salama ila kikashushwa kwa jirani. Au kikaingia chumbani kabisa, ukakuta hakina chaga. Karibu kila hitilafu ya kusakinisha OpenCV ni moja kati ya hizo nne, na kila moja ina maneno yake kwenye skrini. Anayesoma mstari wa mwisho wa ujumbe kabla ya kuomba msaada huwa ameshafika mbali.

Jina la dukani na jina la nyumbani

Kwenye msimbo unaandika `import cv2`. Ni kawaida basi mtu kuandika `pip install cv2`, na pip anajibu:

`ERROR: No matching distribution found for cv2`

Intaneti ni nzima na PyPI haijafungwa. Dukani pakiti hii inaitwa `opencv-python`. Nyumbani inaitwa `cv2`. Amri sahihi ni:

`python -m pip install opencv-python`

Hiyo 2 nayo huwapotosha watu, wakadhani wameletewa toleo la zamani. Ilibaki tangu enzi za OpenCV 2, kutenganisha njia mpya ya kuiita na ile ya awali, na haikubadilishwa hata kwenye mfululizo wa 4. Toleo halisi utaliona kwa `cv2.__version__`.

Dukani kuna pakiti nne, na hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. `opencv-python` ina sehemu kuu. `opencv-contrib-python` ina sehemu kuu pamoja na nyongeza, kama moduli ya `face` ya kutambua nyuso. Kila moja ina pacha wake mwenye mkia wa `-headless`, ambaye hana uwezo wa kufungua madirisha kwenye skrini na anafaa kwa seva. Chagua moja tu. Zote nne hujiandika kwenye folda ileile ya `cv2`, kwa hiyo ukiweka mbili ya pili inaandika juu ya ya kwanza, na ukifuta moja unaiachia nyingine mashimo. Na `contrib` tayari ina kila kilichomo kwenye ile ya kawaida. Kuweka zote "kwa usalama" ndiyo njia ya haraka ya kuharibu.

Kitanda kilichoundwa, au mbao na misumari

Pip akikuta pakiti iliyokwisha undwa kwa ajili ya kompyuta ya aina yako, analeta faili lenye mkia wa `.whl`. Hilo linafunguliwa na kuwekwa mahali pake kwa sekunde chache. Kwa Windows ni takriban MB 40, kwa Linux zaidi ya MB 60, na numpy, maktaba ya hesabu ambayo OpenCV haiwezi kuishi bila hiyo, huongeza zake.

Asipolikuta hasemi lolote. Anachukua faili la `.tar.gz`, ambalo ni msimbo chanzo, na kuanza kukuundia kitanda hapohapo sebuleni. Hapo ndipo skrini inapokaa kimya kwenye maneno `Building wheel for opencv-python` kwa nusu saa, feni ikivuma, halafu inamaliza kwa `Failed building wheel for opencv-python`. Kazi hiyo inataka CMake (chombo cha kuandaa uundaji) na kikusanyaji cha C++ (kinachogeuza msimbo kuwa programu), na kompyuta nyingi za Windows hazina hata kimoja. Ushauri wa kawaida ni kwenda kupakua Visual Studio Build Tools, gigabaiti kadhaa. Usikimbilie huko. Kumfundisha useremala mtu aliyetaka kitanda si msaada; tafuta kwanza kwa nini kilichoundwa hakikupatikana.

Sababu ya kwanza ni pip mzee. Pakiti za Linux zimefungwa kwa mitindo kama manylinux2014, ambayo pip ya kabla ya 19.3 haiitambui, hivyo inaziruka zote na kuangukia kwenye msimbo chanzo. Dawa ni `python -m pip install --upgrade pip`, kisha jaribu tena.

Sababu ya pili ni Python changa mno. Python hutoa toleo jipya kila Oktoba, na maktaba huchukua muda kuandaa pakiti zake. Anayepakua Python mpya wiki iliyotoka, kisha akafuata somo la miaka mitatu iliyopita linalotaka numpy ya zamani, atajikuta akiunda numpy kutoka mbao. Kwa kazi ya mradi wa shule au ofisi, toleo la Python lililotoka mwaka mmoja nyuma ndilo lenye amani.

Sababu ya tatu ni aina ya kompyuta yenyewe. Wanaojifunza kwa simu kupitia Termux, programu ya Android ya kuandikia amri kama za Linux, hukwama hapa: pakiti za Linux zilizoko PyPI zimeundwa kwa kutegemea glibc, maktaba ya msingi ya Linux nyingi, na Android haitumii glibc. Kwao pakiti hutoka kwenye hazina ya Termux yenyewe kwa amri ya `pkg`, na pip aachwe pembeni. Wanaotengeneza kontena za Docker kwa msingi wa Alpine, Linux ndogo isiyotumia glibc, wana shida hiyohiyo kwa sababu inayofanana. Wabadili msingi uwe ule wa `slim`. Kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, `sudo apt install python3-opencv` humaliza mambo bila kuichosha prosesa kwa saa kadhaa.

Ili usishtukizwe na mbao, mwambie pip mapema kwamba huzitaki:

`python -m pip install --only-binary=:all: opencv-python`

Kama kilichoundwa hakipo, atakataa papo hapo badala ya kukulia MB 90 na zaidi za msimbo usioweza kuutumia. Kwa anayenunua bando la siku, hii ndiyo amri ya kuikariri.

Na kama mtandao wenyewe ndio unaokatika, ujumbe huwa `ReadTimeoutError`. Ongeza subira ya tarishi kwa `--timeout 120 --retries 10`. Au nenda mahali penye Wi-Fi nzuri, pakua bila kusakinisha, ubebe kwenye flashi:

`python -m pip download --only-binary=:all: -d mizigo opencv-python`

Nyumbani, ukiwa na folda hiyo ya `mizigo`, sakinisha bila intaneti:

`python -m pip install --no-index --find-links mizigo opencv-python`

Darasa la watu 30 linaweza kutumia flashi moja. Sharti ni kompyuta zifanane: mfumo endeshi uleule, aina ileile ya prosesa, toleo lilelile la Python.

Mzigo umeshushwa kwa jirani

Hili ndilo linaloumiza watu wengi kuliko yote, kwa sababu dalili zake zinapingana. Pip anasema `Successfully installed opencv-python`. Unaendesha programu, na Python inasema:

`ModuleNotFoundError: No module named 'cv2'`

Wote wawili wanasema kweli. Kompyuta moja inaweza kuwa na Python kadhaa: ile uliyopakua python.org, ile ya Microsoft Store, ile ya Anaconda, na ile ambayo mhariri wa msimbo kama PyCharm amekuundia ndani ya folda ya mradi. Kila moja ina nyumba yake, folda ya `site-packages`, na haichungulii kwa mwenzake. Pip ameshusha mzigo kwenye nyumba mojawapo. Programu yako inaishi nyingine.

Kwa hiyo usirudie kusakinisha. Uliza anwani. Andika `pip --version`. Mwisho wa jibu kuna njia ya folda na toleo la Python ambalo pip huyo analihudumia. Kisha, ndani ya programu ileile inayogoma, weka mistari miwili:

`import sys`
`print(sys.executable)`

Anwani mbili zisipolingana, umeshapata ugonjwa. Dawa ni kuchukua anwani iliyochapishwa na `sys.executable` na kuitumia yenyewe kusakinisha. Kwa mfano, ikiwa ni `C:\Python312\python.exe`, unaandika:

`C:\Python312\python.exe -m pip install opencv-python`

Ndiyo maana karibu amri zote za pip kwenye makala hii zinaanza na `python -m pip` badala ya `pip` peke yake: unamtaja mwenye nyumba kabla ya kumtuma tarishi. Kwenye Windows, `py -0p` itakuorodheshea Python zilizojisajili na mahali zilipo. Wengi hushangaa idadi.

Kwenye VS Code, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika "Python: Select Interpreter", uchague ile yenye OpenCV. Mstari wa rangi chini ya `import cv2` ukisema haijaonekana wakati programu inaendeshwa vizuri, ni mhariri anayetazama Python nyingine. Usakinishaji wako hauna kasoro. Kwenye daftari la Jupyter, andika `%pip install opencv-python` ndani ya seli yenyewe, na alama hiyo ya asilimia usiiache, ndiyo inayomwelekeza tarishi kwa Python inayoendesha daftari.

Njia ya kujiepusha na haya yote ni mazingira pepe: nyumba ndogo ya mradi mmoja, yenye Python na maktaba zake.

`python -m venv mazingira`

Unaingia kwa `mazingira\Scripts\activate` kwenye Windows, au `source mazingira/bin/activate` kwenye Linux na Mac. Wanaotumia Debian 12 au Ubuntu 23.04 na kuendelea hulazimika kupita hapa hata wasipopenda, maana pip wa mfumo anawagomea kwa `error: externally-managed-environment`. Mitandaoni watakuambia uongeze `--break-system-packages`. Jina lenyewe linakuonya: mfumo endeshi hutumia Python hiyo kwa shughuli zake, na ukiichokonoa unaweza kuamka na kompyuta isiyosasishika.

Kabla ya kutoka hapa, angalia jina la faili lako. Mwanafunzi akiliita jaribio lake la kwanza `cv2.py`, Python italikuta hilo kabla ya maktaba halisi na kulalamika: `partially initialized module 'cv2' has no attribute 'imread'`. Badili jina la faili na kazi imekwisha.

Kitanda bila chaga

Wakati mwingine `cv2` ipo, kwenye nyumba sahihi, lakini inakataa kufunguka. Kwenye seva ya Linux, kontena au kompyuta isiyo na skrini, ujumbe ni huu:

`ImportError: libGL.so.1: cannot open shared object file: No such file or directory`

OpenCV ya kawaida huja na uwezo wa kuonyesha madirisha, na uwezo huo unaegemea maktaba za michoro za mfumo ambazo seva haina. Unaweza kumletea chaga kwa `sudo apt install libgl1`. Masomo mengi hutaja `libgl1-mesa-glx`; jina hilo limeondolewa kwenye Ubuntu 24.04, kwa hiyo usishangae ukiambiwa halipo. Ila kama seva haitaonyesha dirisha kamwe, kwa nini uilazimishe? Futa uliyoweka, weka `opencv-python-headless`, na suala hilo halitarudi.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu ameweka `headless` kwenye laptopu, kila kitu kinakwenda mpaka afike `cv2.imshow`, ndipo anaambiwa `The function is not implemented. Rebuild the library with Windows, GTK+ 2.x or Cocoa support`. Neno "Rebuild" huwatisha watu wakaanza kutafuta CMake. Huna haja ya kuunda chochote. Umechukua pacha asiye sahihi. Mara nyingi hukumleta wewe, aliletwa na maktaba nyingine inayomtegemea.

Kwenye Windows ujumbe ni `DLL load failed while importing cv2`. Angalia mambo mawili. Kwanza, kama una Microsoft Visual C++ Redistributable. Ni bure na ni ndogo. Pili, kama Windows yako ni ya aina ya "N", ambayo huuzwa bila vichezeshi vya muziki na video: hiyo inahitaji Media Feature Pack, kwa kuwa OpenCV hutumia sehemu za video za Windows. Aina ya Windows utaiona kwenye Settings, System, About.

numpy na nakala zinazogombana

Juni 2024 numpy ilitoa toleo la 2.0, na maktaba nyingi zilizoundwa kwa numpy 1 zikaanza kulia: `A module that was compiled using NumPy 1.x cannot be run in NumPy 2.0`, au kwa ufupi `numpy.core.multiarray failed to import`. Picha kwenye OpenCV ya Python ni safu za numpy, hivyo wawili hawa lazima waelewane. Ukiweza, panda: `opencv-python` kuanzia 4.10.0.84 inaifahamu numpy 2. Ikiwa mradi umefungwa na toleo la zamani, shusha numpy kwa `python -m pip install "numpy<2"`, na usiache alama za nukuu, la sivyo terminali itaitafsiri `<` kama amri ya kusoma faili.

Kwa kompyuta iliyokwisha vurugwa na ushauri wa watu watano, fagia kwanza:

`python -m pip uninstall -y opencv-python opencv-contrib-python opencv-python-headless opencv-contrib-python-headless`

Ingia `site-packages`, na ukikuta folda ya `cv2` imebaki, ifute kwa mkono. Kisha sakinisha moja, na uhakikishe:

`python -c "import cv2; print(cv2.__version__, cv2.__file__)"`

Namba na anwani zikitoka, usakinishaji umekamilika.

Mawili yanayorudiwa sana

"Shusha OpenCV hadi 3.4.2.17 ili upate SIFT." Ushauri huu ulikuwa na maana wakati wake. SIFT, njia ya David Lowe ya kutafuta alama za kipekee kwenye picha, ilikuwa na hataza nchini Marekani, hivyo iliondolewa kwenye pakiti za kawaida. Hataza hiyo iliisha Machi 2020, na kuanzia OpenCV 4.4.0 ya Julai mwaka huo SIFT imo kwenye sehemu kuu: andika `cv2.SIFT_create()`. Ukijaribu kuweka 3.4.2.17 kwenye Python ya leo, pip atakuambia hakuna toleo linalokidhi, kwa kuwa pakiti zake zilizoundwa ziliishia Python 3.7.

"Nina kadi ya NVIDIA, basi OpenCV itaenda kasi." Pakiti za pip hazina CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kuipa kadi kazi za hesabu. `cv2.cuda.getCudaEnabledDeviceCount()` itakurudishia 0 hata kadi iwe ya bei gani. Anayetaka kadi ifanye kazi ndani ya OpenCV, huyo ndiye mwenye sababu halali ya kuunda kutoka msimbo chanzo. Wengine wote hawana haja.

Na ule ujumbe unaotumwa kwenye makundi zaidi ya yote, `(-215:Assertion failed) !_src.empty() in function 'cvtColor'`, hauhusiani na kusakinisha hata kidogo. `cv2.imread` isipopata picha haisimamishi programu; inarudisha `None`, pengine na onyo tu, na mlio unasikika mistari miwili mbele, mahali pengine kabisa. Njia ya faili imekosewa, au kwenye Windows umeandika mkwaju `\` bila kuweka `r` mbele ya nukuu, au folda ina herufi zisizo za kawaida. Chapisha `os.getcwd()` uone programu imesimama folda gani, kisha iulize `os.path.exists` kama picha ipo hapo.